Gome la Msesewe wa Mpakani

Juzi jirani yangu hapa Sekei alianika magome ya msesewe juu ya kipande cha bati. Jua likayapata, upepo ukageuka, na harufu yake ikanikuta mlangoni kwangu nikichambua mchicha. Ni harufu chungu, kavu, inayokwaruza koo kabla hujaonja chochote. Nikaacha mchicha. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, unaumwa?" Nikamwambia siumwi, jua tu limenichosha. Uongo mtupu. Nilikuwa naogopa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu wengi na meno machache, nimekaa mlangoni kwangu mchana kweupe naogopa gome la mti.

Ninyi wa rika langu mtanielewa. Sisi tuliozaliwa chini ya Mlima Meru wakati Mdachi anatawala tulilelewa na hofu za kila namna. Tuliogopa askari, tuliogopa kiboko, tuliogopa ndui, tuliogopa baba zetu kukamatwa njiani wakabebeshwe mizigo ya safari zisizojulikana mwisho wake. Ukiwasimulia watoto wa siku hizi wanakuangalia kama uliyeokota maneno jalalani. Lakini hofu yangu kubwa kuliko zote haikutoka bomani. Ilitoka nyuma ya nyumba yetu, kwenye mpaka wa shamba la migomba la baba yangu na lile la kaka yake, Baba Mkubwa. Hapo ulisimama msesewe mmoja mkubwa.

Kwa asiyeijua pombe ya kwetu, mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na kinachoitia uchungu wake ni gome la msesewe. Bila gome hilo unabaki na uji mtamu wa kuwafurahisha watoto. Mama yangu alikuwa mpikaji hodari kupita wanawake wote wa upande wetu. Alikuwa ametoka Machame, upande wa Kilimanjaro, akaolewa kwetu Meru, na ujuzi wa magome alikuja nao kutoka kwa mama yake. Majirani walipenda pombe yake na hawakumpenda yeye. Wakishashiba walimsifu, wakifika njiani walimwita yule wa kuja.

Mama alikuwa na utaratibu wake wa kukata. Alichukua ukanda mwembamba upande mmoja tu wa shina, kisha kile kidonda akakipaka samadi mbichi ya ng'ombe kwa kiganja, kama anavyompaka mtoto mafuta. Safari nyingine alikata upande wa pili, ule wa kwanza ukiwa umeshafunga. Tatizo ni kwamba mti wa mpakani ni mti wa kila mtu. Wengine walikuja na mapanga yao, wakabandua kwa pupa, hawakupaka kitu, wakaenda zao. Shina lile lilikuwa limejaa makovu kutoka magotini hadi juu ya kichwa cha baba.

Kisha mti ukaugua. Makovu yakavimba, gome likapasuka na kuachana na shina, na ndani yake ukaonekana utando mweupe, laini, kama ukoko wa uji uliopoa. Maji meusi yakawa yanatiririka taratibu hadi chini na kunuka vibaya. Pembeni mwa vidonda vikaota vitu vigumu vya rangi ya kahawia vilivyofanana kabisa na masikio ya binadamu. Leo najua ni uyoga. Wakati ule nilijua ni masikio, na kwamba mti umeyaotesha ili usikie tunachosema. Nilipopita hapo nilibana pumzi.

Kulikuwa na matundu pia, ya mviringo, kama yaliyotobolewa na msumari wa moto, na chini ya kila tundu unga wa mbao ulirundikana juu ya majani. Asubuhi moja, kwa ule ujinga wa mtoto anayekwenda kugusa kile kile anachokiogopa, niliweka sikio langu kwenye gome. Nikasikia kitu kinatafuna. Kru, kru, kru, kinanyamaza, kru, kru. Sikuwahi kukimbia namna ile. Nilimkuta Bibi, mama yake baba, akiota moto, nikamwambia mti una tumbo na tumbo linakula.

Bibi hakucheka. Laiti angecheka, mambo mengine yasingenipata. Alinishika mkono akaniambia, "Usiuguse tena mti ule, unasikia? Umeoza kwa ndani. Atakayetia gome lake mdomoni ataoza tumbo kama wenyewe."

Baada ya muda mfupi mbuzi wetu jike alikata kamba, akaonekana mpakani akitafuna kipande cha gome kilichokuwa kinaning'inia. Kesho yake alikutwa amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, ulimi nje. Watu wazima walijua kwamba usiku huo huo aliingia kwenye maharage mabichi akayafagia, na mbuzi akila vile hufura. Hakuna aliyeona haja ya kunieleza mimi. Mimi nilikuwa nimeona gome, nimeona tumbo, na Bibi alikuwa ameshasema.

Sasa Baba Mkubwa alikuwa amepata miche ya kahawa misheni. Wakati huo kahawa kwa mtu mweusi ilikuwa jambo la ajabu, nayo ilikuwa michache, lakini aliipenda kuliko ng'ombe wake. Alijenga uzio wa mimea ya masale kuizunguka na kila jioni aliipitia mche mmoja mmoja akiongea nayo. Ikaanza kuwa ya njano. Majani yakalegea, na chini kwenye shina, karibu na udongo, yakaonekana matundu na unga.

Baba yangu alikuwa akifanya kibarua kwenye shamba la Mdachi mmoja ng'ambo ya mto. Jioni moja, tumekaa na Baba Mkubwa jikoni, akasimulia bila ubaya wowote kwamba hata kule kahawa zinaliwa na huyo huyo bungua, mdudu anayetoboa miti. Wamepewa waya wa kumchokoa ndani ya matundu, na miti iliyozidiwa inang'olewa na kuchomwa moto, kwa sababu ugonjwa unahama kutoka mti hadi mti.

"Unahama?" Baba Mkubwa akauliza.

"Ndivyo msimamizi anavyotuambia."

Baba Mkubwa akaweka bakuli chini, akatoka bila kuaga. Kesho yake alikuja na shoka akitaka msesewe ukatwe. Baba akakataa katakata, kwa kuwa mti ule ndio uliokuwa alama ya mpaka tangu enzi za babu, na ukiondolewa, nani atasema mpaka ulipita wapi? Ndugu wawili waliolala tumbo moja wakasimama chini ya mti wakitupiana maneno ambayo sitayaandika hapa. Shoka likarudi nyumbani halikugusa kitu.

Laiti yangeishia kwenye mpaka. Baada ya siku chache Baba Mkubwa akaanza kusema njiani, kwenye mfereji, kila mahali palipo na masikio, kwamba wadudu hawaji wenyewe, wanatumwa. "Ni nani kati yetu anayejua mambo ya magome? Ni nani anayeupaka mti mavi akinong'ona? Muulizeni alikotoka." Akasema wazee wasipoamua, atakwenda bomani Arusha amshtaki mama kwa uchawi. Mimi nilikuwa nimewaona wafungwa wa bomani. Nilipokwenda Arusha na baba kupeleka ndizi niliwakuta barabarani wamefungwa mnyororo shingoni, mmoja nyuma ya mwingine, wakibeba mawe, na mmoja akiinama kujikuna wote walilazimika kusimama. Kila nilipofumba macho nilimwona mama kwenye mnyororo ule, na shingo yake nyembamba.

Wazee wakaingilia kati. Wakaamua mama apike pombe ya kupatana, inywewe uani kwetu mbele ya watu. Na desturi yetu mnaijua. Aliyepika ndiye anayeonja wa kwanza, mbele ya macho ya wote, ndipo akabidhi kata kwa mgeni wake. Anayekutakia mabaya hawezi kuyanywa yeye mwenyewe. Siku ile mama aliitikia kwa adabu, lakini baadaye nikiwa nje ya ukuta nilimsikia akimwambia baba, "Ndugu yako huyu hatatulia mpaka mmoja wetu alale udongoni."

Niliyabeba maneno hayo nayo. Mtoto haachi kitu njiani.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba. Nilitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, na nikiwa narudi nilimwona mama. Alikuwa mpakani, chini ya msesewe ule ule, kisu mkononi. Aliangalia huku na huku. Akapapasa gome kando ya kidonda kikubwa, akaligonga kwa vidole, akasogea, akagonga tena, kisha akachoma kisu akabandua ukanda mrefu. Funza mnene mweupe akaanguka kwenye majani, akajikunja. Mama akamponda kwa kisigino. Akakwangua weusi uliokuwa pembeni mwa gome, akalinusa, akalikunja, akalificha ndani ya kaniki yake. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mgomba na kaa la moto kwenye kigae, mkono unaungua, siwezi kuutikisa.

Kulikuwa na msesewe mwingine mzima kabisa kwenye mfereji, kwa rafiki yake, na rafiki huyo hakuwahi kumnyima. Kwa nini aupite huo? Kwa nini alfajiri, kwa nini aangalie nyuma? Nilifanya hesabu zangu za kitoto na zote zikaleta jibu moja. Mama yangu anataka kumuua Baba Mkubwa. Na kwa kuwa lazima aonje wa kwanza, amekubali kufa naye.

Sijui kama nitaweza kueleza siku zile zilivyokuwa. Pombe haipikwi kwa siku moja. Ndizi huchemshwa na kuachwa zichachuke, ulezi huoteshwa, huanikwa, husagwa, hupikwa uji. Kila hatua nilitumwa mimi. Nilichota maji ya kumuua mama. Nilipepeta ulezi wa kumuua mama. Alipotwanga lile gome kwenye kinu, vumbi lake likanipanda puani, nikapiga chafya na kudhani nimekwisha. Yeye alikuwa akiimba. Wimbo wa kwao, taratibu, kama hana lolote, na kuimba kule ndiko kulikonitia baridi zaidi.

Nikisema, mama anakwenda kwenye mnyororo. Nikinyamaza, mama anakunywa. Nilizunguka kati ya mambo hayo mawili kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti. Nilimwendea Bibi nikamwambia, "Bibi, ule mti..." Akaniziba mdomo kwa kiganja chake. "Nyumba hii isisikie tena habari za mti ule. Watu watatumaliza." Nilimwendea baba alipokuwa akinoa panga. Kabla sijafungua kinywa akasema, si kwangu hasa, kwa upepo tu, "Jambo likifika bomani halirudi." Nikarudi jikoni kuchochea moto.

Siku yenyewe ilikuwa na jua kali na mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Wazee walikaa kwenye viti vyao vya miguu mitatu chini ya paa la mbele, wanawake upande wa pili kwenye majani, na Baba Mkubwa peke yake katikati, fimbo imelala magotini. Mtungi ukatolewa. Mzee mmoja, mkubwa wa ukoo, akasema maneno ya kufungua, ya upole, juu ya ndugu na udongo na wafu wanaotusikiliza. Kisha akampa mama ishara.

Mama akapiga magoti. Akachota pombe kwa kata, povu likafurika pembeni, akainyanyua kwa mikono miwili kuelekea mdomoni.

Sikupanga. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilipita katikati ya wazee, nikaruka miguu ya Baba Mkubwa, jambo ambalo mtoto wa kike hathubutu, nikaipokonya kata mikononi mwa mama na kunywa. Nilikunywa kwa pupa, nyingine ikinimwagikia kifuani, uchungu umenikaba koo, nikifikiri kwamba nikiimaliza yote hakutabaki ya kwake. Nilikuwa nimesahau mtungi mzima.

Baba Mkubwa akanielekezea fimbo yake.

"Mmeona?" Baba Mkubwa akasema. Hakupaza sauti. "Mmeona wenyewe? Hata mtoto aliyemzaa anajua kilichomo."

"Mtoto, umefanya nini?" Mkubwa wa ukoo akaniuliza.

Nikaanza kulia, na ndani ya kilio yakatoka yote. "Gome ni la mti unaooza! Nilimwona! Asinywe, babu, msimpe, atakufa!"

Watu wakasimama. Mwanamke mmoja akapiga yowe. Baba yangu alikuwa ameinuka, uso umekuwa wa kijivu, akimtazama mama kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Nikaelewa wakati ule ule nilichokifanya. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa na nimemkabidhi. Mnyororo niliuona waziwazi, na safari hii mimi ndiye niliyeushika.

Mama hakunipiga. Alinyoosha mkono, akachukua kata kutoka kwangu, akachota tena mpaka ukingoni. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ile ile ya kumwita mtu chakulani.

"Mtoto amesema kweli. Gome ni la mti ule. Nilikwenda asubuhi na mapema kwa sababu mume wangu angenikataza. Baba zangu, mmesema nimeutia mti uchawi, na uchawi huo umeingia kwenye kahawa ya shemeji. Sasa ningepika kwa gome la mti mwingine, ningekuwa nimewajibu nini? Nimekata kando ya kidonda, palipo pazima. Kama kuna kitu changu ndani ya mti ule, kimo humu. Nitakinywa mimi."

Akanywa yote. Akaigeuza kata, tone la mwisho likaanguka udongoni. Akakaa chini, akanivuta nikae kando yake.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkubwa wa ukoo akakohoa, akasema, "Tutangoja."

Tukangoja. Wenzangu, mmewahi kukaa mbele ya watu wanaosubiri kuona kama utakufa? Walituangalia wawili sisi, mama na mtoto, kama wanavyoangalia chungu kilichobandikwa motoni. Uchungu wa msesewe ulikuwa bado umeganda kooni kwangu. Tumbo likaanza kunisokota. Nikajua ndiyo imeanza, gome linaota ndani yangu, baadaye kitakuja kile kitafunaji. Nilitega sikio kwa tumbo langu. Kru, nikasikia. Nikajibana kwa mama na kukojoa pale pale nilipokaa, nami nalisema hili bila haya, maana hata ninyi mngekojoa.

Mama aliomba ungo wa maharage makavu akawa anapukuchua, maganda upande huu, punje upande huu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Mara akasimamisha kazi, akaweka kiganja tumboni, akafumba macho. Baba Mkubwa akajisogeza mbele kwenye kiti. Mimi nikaacha kupumua. Mama akafumbua macho, akaendelea na maharage. Miezi kadhaa baadaye, ndugu yangu alipozaliwa, ndipo nilipojua ni nani aliyempiga teke saa ile. Siku ile nilijua tu kwamba inaanza na yeye pia, na kwamba tunakwenda pamoja.

Vivuli vya migomba vikageuka upande. Watoto wachanga wakaanza kulia njaa na mama zao wakawanyamazisha. Bado hakuna aliyegusa kata. Nadhani tungekaa mpaka giza, maana Baba Mkubwa hakuwa tayari kunywa na wala hakuwa tayari kuondoka.

Aliyeinuka ni Bibi. Aliinuka kwa shida, mkono kiunoni, mkwe wake akiwa bado ameinamia ungo. Akaja mpaka kwenye mtungi, akachota mwenyewe, akanywa nusu. Kisha akaipeleka ile nusu kwa mwanawe mkubwa.

"Nimekuzaa wewe, nikamzaa na huyu," akasema, akionyesha baba yangu kwa kidevu. "Kama inaua, basi tufe wote, mkagawane mpaka wenu huko kwa wafu. Shika."

Baba Mkubwa akaishika. Akainusa mara mbili kabla ya kuipeleka mdomoni, nami nilifurahi kuona kwamba kuna mtu mwingine anayeogopa. Akanywa polepole, macho kwenye mtungi. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. Watu wote walikuwa wanamsubiri aseme jambo kubwa.

"Imekolea," akasema.

Mzee mmoja akaangua kicheko, akafuata mwingine, na pombe ikaanza kuzunguka. Ndugu wale hawakukumbatiana wala nini. Walikaa viti viwili vilivyopakana wakanywa kata moja, na kwa watu wa aina yao hiyo ilikuwa zaidi ya kukumbatiana. Habari za bomani hazikusikika tena.

Msesewe haukupona, kama mnataka kujua. Misimu miwili ya mvua baadaye gome lote lilikuwa limeachana na shina, ukasimama mweupe, mtupu, mpaka upepo ukauangusha. Kahawa ya Baba Mkubwa nayo iliisha karibu yote. Nikiwa mtu mzima, bwana shamba mmoja aliniambia kwamba wadudu wa miti ile miwili hawakuwa hata ndugu, kila mmoja na wake, na kwamba kuvu hupenda kuingia penye jeraha. Nikayakumbuka yale makovu. Tuliokunywa ndio tulioufungulia ugonjwa mlango, kisha tukatafuta mchawi. Nilicheka sana, bwana shamba akaniona mwendawazimu.

Lakini jioni ya siku ile nilikuwa bado sijui lolote kati ya haya. Wageni walipokwisha kuondoka mama alinichukua tukaoshe vyombo kwenye mfereji. Maji ya mlima yalikuwa baridi ya kukata vidole. Alisugua kwa mchanga, mimi nikasuuza, mpaka tukabakiwa na kibuyu kimoja.

"Uliogopa nitakufa," akauliza, "au uliogopa nitaua?"

Ningeweza kuchagua jibu zuri. Nilikuwa nimechoka mno.

"Vyote, Mama."

Akasugua kile kibuyu mahali pale pale kwa muda mrefu.

"Tangu asubuhi ile uliyoniona?"

"Tangu asubuhi ile."

"Siku zote hizo ulijua mama yako ni mtu wa sumu."

"Ndiyo, Mama."

"Na chakula nilichokupa?"

Sikuelewa swali. "Nilikula," nikamwambia. "Kila siku nilikula."

Hapo mama yangu, ambaye hakutoa chozi mbele ya wazee wala mbele ya Baba Mkubwa, akakaa kwenye majani mabichi ya ukingoni akalia kwa sauti, amenishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Kibuyu kikamponyoka, kikaelea, kikapita kwenye kona ya mfereji, na hakuna kati yetu aliyeinuka kukifuata.